Paa Jeusi la Fundi Ng'aring'ari

Kwenye gereji alikofanyia kazi Fundi Ng'aring'ari, kila mteja aliyetaka gari lake lipakwe rangi nyeusi alipewa somo kwanza, apende asipende. Fundi huweka chini bunduki yake ya kupulizia rangi, hupitisha kiganja juu ya boneti kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa, kisha huanza.

"Nyeusi inapendeza, sikatai. Lakini nyeusi hunywa jua, nyeupe hulitema. Ukiliacha gari hili mahali pa wazi mchana, ukirudi utashika usukani kama mtu anayeokota kaa la moto."

Wateja walimsikiliza kwa sababu kazi yake ilijisemea. Magari yaliyotoka mikononi mwake yaling'aa hata mtu angeweza kuchana nywele mbele ya mlango wa dereva, na jina la Ng'aring'ari alilipata hapo. Kwa hiyo ilipovuma kwamba fundi huyohuyo ameezeka nyumba yake mpya kwa mabati meusi ti, wenzake wa gereji hawakucheka. Walidhani ni uzushi wa watu wasiompenda.

Haukuwa uzushi. Fundi alikuwa amekulia vyumba vya kupanga na kuzeekea humohumo, chini ya mabati ya watu yenye kutu na viraka, na alijiapiza kwamba siku akijenga, nyumba yake itaonekana tangu barabarani. Alipoingia duka la vifaa vya ujenzi akayakuta yale mabati meusi, yasiyometameta, yenye utulivu fulani wa kitajiri, moyo ulimlipuka kama wa kijana aliyeona mchumba. "Sikununua paa," alikuja kusema baadaye, na hakuacha kusema. "Nilinunua gari la waziri nikaliegesha juu ya kuta zangu."

Mabaya ni kwamba alionywa. Nyumba za eneo alikokuwa akijenga zilipoanza kuota, manispaa ilitoa sheria mpya: kila nyumba mpya iezekwe kwa rangi ya kupoa, yaani nyeupe, krimu, rangi ya mchanga au kijivu hafifu. Wenye viwanja wakaitwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi waelezwe. Afisa mipango miji alikuwa mwanamke kijana, amevaa viatu vya chini, sauti imekauka kwa kueleza jambo moja kata baada ya kata. Akasema mji umekuwa kikaango. Miti imekatwa, udongo umezibwa kwa saruji, na mapaa meusi yanashinda yakimeza jua, halafu jua likizama yanaanza kulitapikia ndani ya nyumba na mitaani. Paa moja halina neno, akasema, lakini mapaa ya mtaa mzima ni jambo jingine.

Fundi Ng'aring'ari akasimama. Alipenda kusimama.

"Dada, mimi rangi ndiyo kazi yangu, tangu wewe hujaanza shule. Leo mmetupangia rangi ya paa. Kesho mtatupangia rangi ya soksi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakuna kitu kilichomlevya Fundi kama kicheko cha watu, kwa hiyo akaongeza. Akauliza kama mwanamume aliyejichosha miaka yote hana haki ya kuchagua kofia ya nyumba yake. Akauliza kama jua limeletwa na yeye. Afisa alimngoja amalize, akafungua karatasi zake.

"Mzee wangu, kibali chako kilitoka kabla ya sheria. Haikugusi. Ukitaka jeusi, weka. Mimi nakuomba tu usiweke."

"Ombi limesikika, dada," akasema Fundi, akakaa kama aliyebeba kombe.

Ndiyo maana baadaye, alipozoea kujisimanga, alisema hamjui mtu mwingine aliyeshinda kesi halafu akajipeleka jela kwa miguu yake.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu mstaafu, mama mtaratibu aliyeishi peke yake. Watu wote walimwita Mwalimu tu. Yeye alitii sheria, akaezeka mabati meupe yanayoelekea krimu. Fundi hakuweza kupita bila kutia neno.

"Mwalimu, nyumba yako imeanguka wapi hata ikafungwa bandeji kichwani?"

"Inaumwa kidogo, Fundi," Mwalimu akajibu, akiendelea kumwagilia mche wake. "Lakini haina homa."

Fundi alicheka sana. Hakuelewa kwamba alikuwa amejibiwa.

Fundi na mkewe walihamia wakati wa mvua, kila mtu akasifu. Kisha mvua zikakatika, likaingia jua la kiangazi, na nyumba ikaonyesha tabia yake. Mabati yalianza kualika asubuhi, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole. Adhuhuri hewa ya sebuleni ilikuwa nzito kiasi kwamba feni ilizungusha joto lilelile kama umbea. Mshumaa uliowekwa juu ya kabati kwa ajili ya siku umeme ukikatika ulikutwa umeinama, kichwa chini, kama unaotubu. Mkewe alihamisha jiko, kisha mkeka, kisha yeye mwenyewe, akawa anashinda nje kwenye kivuli cha ukuta ambacho nacho kilimfukuza kila kilipohama.

"Baba," alimwambia mumewe siku moja, akijipepea na mfuniko wa sufuria, "ungeniambia unajenga tanuri, ningekuja na unga."

"Ni madirisha," Fundi akasema. "Mwashi aliyaweka upande mbaya."

Wiki nyingine kosa likawa la dari. Halafu la simenti. Halafu akaamua ni shinikizo la damu lake mwenyewe, akaenda kupima, daktari akamwambia liko sawa, akatoka amenuna kama mtu aliyenyimwa haki yake. Wageni wakija alikaa kwenye kochi na shati lenye mikono mirefu, vifungo vyote, kuonyesha kwamba humu ndani hali ni ya kawaida; jasho lilimtiririka likaacha ramani mgongoni mwa kochi. Wakiondoka, alivua shati akalala chali juu ya vigae, kitu pekee cha baridi ndani ya nyumba ile, akihema kama samaki aliyetolewa majini. Mkewe akipita humruka bila kuuliza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hata hapo asingekubali, maana kiburi cha mwanamume aliyewachekesha watu ukumbini hakishuki kwa jasho tu. Kilichomshusha kilikuwa kiumbe kidogo kuliko yeye.

Binti yao wa pekee alijifungua, na baada ya kutoka hospitali akaja kwa mama yake apate mtu wa kumsaidia mpaka nguvu zirudi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Fundi walikuja wote wawili kwa gari moja, wakashukia mlango mmoja.

Mtoto alilia. Asubuhi alikuwa malaika, lakini mabati yakianza kualika na yeye alianza, akalia mpaka sauti ikamkwama. Shingo na mgongo vikajaa vipele vyekundu. Wakampeleka kliniki, na muuguzi, mama mnene mwenye mikono myepesi, akamfunua, akamtazama, akawatazama na wao.

"Mnamlaza wapi huyu?"

"Nyumbani," akasema binti.

"Nyumbani chini ya nini?"

Fundi alijifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

"Mtafutieni mahali penye hewa ya kupoa, mama," muuguzi akamwambia mke wa Fundi. "Mtoto huyu haumwi. Anapikwa."

Walipokuwa wanarudi, Mwalimu alikuwa nje akifagia. Alisikia kilio, akaegemeza fagio ukutani. "Mleteni kwangu apumzike mchana," akasema. Wakampeleka. Mtoto akalala mpaka jioni. Kesho yake binti akaenda tena, na mama yake akamfuata kumsaidia, halafu likaenda beseni la kuogea, halafu godoro. Wiki haikuisha, familia yote ya Fundi ikawa inaishi chini ya bandeji, na yeye amebaki peke yake ndani ya gari la waziri.

Alivumilia kidogo. Alisema ana kazi nyingi gereji, alisema wanawake na mtoto mchanga waachwe wapumue. Ukweli ni kwamba aliona haya kubisha hodi kwenye nyumba aliyoitukana. Lakini mjukuu ni mjukuu. Jumapili moja mchana, jua limesimama utosini, alivaa shati safi akaenda.

"Hodi."

"Karibu, Fundi," Mwalimu akaitika kutoka ndani. "Angalia kichwa chako mlangoni, usije na wewe ukahitaji bandeji."

Akaingia, na ule ubaridi ukamwangukia mabegani kabla hajakaa. Haukuwa ubaridi wa ajabu. Ilikuwa nyumba tu ambayo mtu anaweza kukaa ndani yake. Mkewe alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Binti yake alikuwa anakula taratibu kama mtu mwenye muda. Mtoto amelala juu ya mto, mkono mmoja kichwani, vipele vimeanza kukauka. Fundi alimtazama kwa muda.

Njiani alikuwa ametunga hotuba kuhusu miti, kwamba Mwalimu ana mti na yeye hana. Sasa aliuona ule mti kupitia dirishani. Ulikuwa mche unaomfika mtu magotini.

"Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "humu mnatumia feni ya aina gani?"

"Feni yangu ilikufa mwezi uliopita. Bado sijapata mtu wa kuitazama."

Fundi akainamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na binti yake alidhani baba analia, kumbe anacheka, kicheko cha pumzi tu asimwamshe mtoto.

"Na mimi ndiye ninayewaambia watu kwamba nyeusi hunywa jua," akasema.

"Najua. Uliniambia na mimi."

"Lini?"

"Nilipokuja gereji kwako na gari la mwanangu. Nilitaka nyeusi. Ulinisimamisha pale ukanipa somo mpaka miguu ikaniuma." Mwalimu akamsogezea glasi ya maji. "Ile sheria ilipotoka, nilikumbuka maneno yako, nikajisemea: huyu fundi anajua anachosema. Ndiyo nikaweka jeupe."

Fundi aliishika ile glasi bila kuinywa. Amekuwa akitoa dawa kwa kila mpita njia, na nyumbani kwake mgonjwa hajapewa hata kijiko. Alijiona kama yule kinyozi mwenye nywele matimutimu ambaye watu wa mtaa humwonyesha wageni.

"Mama," akasema, na mkewe akafumbua jicho moja. "Kesho naanza kulipaka paa rangi nyeupe."

"Kwa brashi?" mkewe akauliza, bado jicho moja.

"Brashi? Mimi?"

Hapo ndipo ujinga wake wa pili ulipochipuka juu ya kisiki cha wa kwanza. Alinunua rangi inayofaa, rangi nyeupe ya mapaa. Kwa hilo hakukosea. Aliyasugua mabati kwa sabuni na brashi ngumu, akayasuuza, akayaacha yakauke, kazi safi ya mtu anayejua kwamba rangi haishiki juu ya uchafu. Mwalimu alimwambia kuna vijana wanaopaka mapaa kwa rola. Fundi akatabasamu kwa huruma. Akaazima gari la gereji, akaleta kompresa ya kusukuma hewa, mpira mrefu na bunduki yake ya kupulizia, akapanda ngazi amevaa ovaroli na barakoa kama mtu anayekwenda mwezini.

"Na upepo?" mkewe akauliza kutoka chini.

"Mama, hii kazi nimeifanya maisha yangu yote."

Alikuwa ameifanya maisha yake yote ndani ya chumba kilichofungwa, chenye pazia mlangoni.

Mwanzo ilikwenda vizuri mno. Ukanda mweupe ukanyooka juu ya mabati meusi, mzuri, sawasawa, na Fundi akaanza kuimba ndani ya barakoa. Hakumsikia mkwewe akifika. Mkwe, mume wa binti, alikuja kumwona mkewe na mtoto kwa lile gari lao jeusi ambalo Fundi mwenyewe alilipaka rangi upya liwe zawadi ya harusi. Ni gari lililomtoa jasho kuliko yote: alilipiga msasa wa maji mpaka vidole vikakunjamana, akalivalisha vanishi hadi likawa kioo. Mkwe akaliegesha ubavuni mwa nyumba, akaingia kwa Mwalimu kusalimia.

Upepo ulitoka upande wa bondeni, si mkali, wa kawaida kabisa. Uliichukua rangi kutoka mdomo wa bunduki na kwenda nayo ulikotaka. Fundi aligundua kuna neno alipoona mkewe anakimbilia kamba ya nguo akizinyakua shuka kwa mikono miwili. Akazima. Akageuka. Majani ya ua yalikuwa yamepata mvi, na kule chini, ubavuni mwa nyumba, lilisimama gari alilolijua kwa kila pindo, limejaa vidoadoa vyeupe kuanzia boneti mpaka buti.

Akashuka ngazi taratibu, maana hakuwa na haraka ya kufika. Mkwe alikuwa ameshatoka, amesimama mbele ya gari mikono nyuma, heshima na machungu vinapigana usoni mwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi." Mkwe akameza mate. "Samahani, baba, naona gari limepata madoa kidogo."

"Kidogo wapi?" Fundi akavua barakoa. Uso wake ulikuwa mweupe juu na wa kawaida chini, nyusi zimeganda. "Limekuwa kanga. Likitaga tutagawana mayai."

Mkwe alijaribu kujizuia, kwa sababu mtu hamcheki baba mkwe. Alijitahidi kweli. Lakini alipomwona Mwalimu amejishika mbavu kwenye kizingiti cha mlango wake, alishindwa, akageukia ukuta akacheka huko. Mtaa ulikuwa umekusanyika. Kulikuwa na watu waliokuwepo ukumbini siku ile ya hotuba, na Fundi akawaona jinsi wanavyomtazama, wakingoja atasema nini.

"Karibuni," akawaambia. "Yule aliyewaambia rangi ndiyo kazi yake, ndiye huyu."

Paa lililobaki alilipaka kwa rola na brashi, asubuhi baada ya asubuhi kabla jua halijapanda, akipiga magoti kama anayepiga deki mbinguni. Mkewe alisimama chini akiwa msimamizi. "Umeruka pale. Si hapo, pale. Rudi." Fundi alirudi. Wapita njia walimsalimia kwa jina jipya la Mkaa, kwa weusi wa lile paa, naye aliitika bila kugeuka.

Kazi ilipokwisha walingoja siku ya jua kali, na siku za namna hiyo hazikuwa haba. Mabati yalialika mara chache asubuhi yakanyamaza. Mchana Fundi aliketi sebuleni na fulana, akangoja jasho. Lilikuja, lakini lilikuja kistaarabu. Nyumba haikugeuka barafu; kiangazi kilikuwa kiangazi, na ukuta wa magharibi bado ulikuwa moto ukiugusa. Ila mtu angeweza kukaa, kula, kusikiliza redio, kugombana na mkewe kwa raha. Binti na mtoto wakarudi na godoro lao. Mtoto alilia njaa, alilia usingizi, alilia bila sababu kama watoto wa watu wote. Kilio cha mabati hakikurudi.

Gari la mkwe lilipelekwa gereji. Fundi alilikwangua mwenyewe, akalipiga praima, ile rangi ya chini, mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alipofika kwenye kuchanganya rangi akamwita mkwe achague.

"Jeupe, baba," mkwe akasema kwa upole. "Ili siku nyingine doa lisionekane."

Gereji nzima ilisimamisha kazi.

Msimu uliofuata manispaa ilipima viwanja vingine upande wa pili wa barabara, na yule afisa mipango miji akaja nyumbani kwa Fundi mwenyewe. Alikaribishwa sebuleni, akatazama juu, akatazama chini, hakusema lolote kuhusu alichokiona, na Fundi akamshukuru kimoyomoyo.

"Shikamoo, mzee wangu. Tuna mkutano na wajenzi wapya. Naomba uje useme."

Fundi akajiweka sawa kwenye kochi. "Niwaeleze mambo ya rangi. Jinsi inavyoshika kwenye bati, unene wake."

"Hapana," afisa akasema. "Wataalamu ninao. Nataka waione hasara."

Mkewe alicheka mpaka akaenda jikoni kumalizia huko. Fundi aliwaza kukasirika, akaona ni kazi kubwa, akaacha.

Akaenda. Ukumbini, mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo la heshima alisimama akasema mabati meusi hayaonyeshi vumbi, na nyumba ya mtu mzima haiwezi kufanana na ya kuku. Watu wakacheka. Fundi alimtazama yule bwana jinsi anavyovimba kwa kile kicheko, akamhurumia, maana aliujua utamu wake. Akapanda mbele, akasimulia yote: mshumaa uliotubu, daktari aliyemnyima ugonjwa, muuguzi na mtoto anayepikwa, gari la mkwe. Hakuweka mzaha wowote juu ya mfanyabiashara. Aliubakiza wote kwa mtu mmoja.

"Sikuja kuwafundisha," akamaliza. "Jua lilinifundisha mimi nikiwa nimelala chali sakafuni. Nimekuja kuwapunguzia ada."

Si wote waliokubali. Mfanyabiashara aliondoka akinung'unika kwamba atakata rufaa. Lakini mlangoni watu walimzunguka afisa wakimuuliza krimu na rangi ya mchanga zinapatikana wapi, na mama mmoja mjane, anayejenga vyumba viwili tu, alimshika Fundi mkono.

"Baba, mimi nimeshanunua meusi," akasema. "Hata hayajapandishwa juu. Nifanyeje?"

Fundi akamuuliza kiwanja chake kiko wapi. Akamwambia ayaache chini yalipo, ayapange kivulini, asimruhusu mtu kuyapandisha, maana bati hupakwa kwa raha zaidi likiwa bado chini. Jumamosi asubuhi alikwenda na ndoo ya rangi, rola ya mpini mrefu, na mkewe, aliyesema haendi kumsaidia bali kumlinda asije akaleta kompresa. Wakayatandaza mabati juu ya matofali, wakaanza upande wa kivuli, na yule mama akachukua brashi ndogo akawafuata kwenye pembe.